Shajara ya mradi: kumbukumbu za biashara kwenye meza 212

14 Novemba 2023

Majina ya wasimamizi yamebandikwa leo. Nimepangiwa Dokta aliyetufundisha mbinu za utafiti mwaka wa pili, yule aliyekuwa akimsimamisha mtu baada ya jibu zuri na kumuuliza, "Umejuaje?" Nimefurahi kweli. Somo lile nililifaulu kwa kukariri: aina za sampuli, aina za vigeu, tofauti ya uhalali na uthabiti. Sasa niko mwaka wa tatu wa shahada ya usimamizi wa biashara na natakiwa kuyafanya mambo yale kwa mikono yangu, na sitaki kuyafanya kwa kubahatisha.

Mada niliyowasilisha: "Athari za utunzaji wa kumbukumbu za biashara katika ukuaji wa biashara ndogo: wauzaji wa mboga na matunda mjini Morogoro." Sikuichagua kwa sababu ni rahisi. Mama yangu mkubwa ndiye aliyenilea, na sare zangu za shule zilitoka kwenye mafungu ya mchicha na nyanya chungu. Darasani tunasoma kwamba biashara ndogo hazikui kwa kuwa wenyewe hawaandiki. Mama mkubwa hakuwahi kuandika, na biashara yake ilitulisha watu sita. Nataka kujua ukweli uko wapi.

21 Novemba

Kikao cha kwanza. Dokta alisoma kichwa cha mada, akakizungushia duara neno "athari".

"Mtu mwenye daftari biashara yake imekua," alisema. "Daftari ndilo lililoikuza, au biashara ilipokua ndipo akalazimika kununua daftari?"

Nikakaa kimya. Sikuwa na jibu, na mpango wangu haukuwa na njia ya kulipata. Kusema kwamba jambo moja limesababisha jingine kunahitaji ama kuwafuatilia watu wale wale kwa muda mrefu, ama kuwagawa kwa bahati nasibu, hawa wapewe daftari na wale wasipewe, kisha kulinganisha. Mimi ninakwenda sokoni mara moja na kuuliza hali ilivyo leo. Nikikuta wenye madaftari wana mitaji mikubwa, nitakuwa nimeona vitu viwili vinavyotembea pamoja, basi. Anayemvuta mwenzake simwoni.

Kwa hiyo "athari" limefutwa na mahali pake pamewekwa "uhusiano". Mabadiliko ya neno moja, lakini yamebadilisha hitimisho ambalo nitakuwa na haki ya kuliandika mwezi wa sita.

19 Desemba

Mapitio ya maandiko yamekamilika kwa rasimu. Nilichojifunza kikubwa ni kusoma sura ya mbinu kabla ya sura ya matokeo. Kazi nyingi nilizosoma zimepima utunzaji wa kumbukumbu kwa swali moja la ndiyo au hapana, zikaendelea na hesabu nzito nzito juu ya swali hilo. Nimeliwekea alama jambo hili bila kujua bado nitalifanyia nini.

16 Januari 2024

Wiki hii yote nimekuwa kwenye dodoso. Chuoni tunafundishwa na kuandika kwa Kiingereza, kwa hiyo dodoso nililiandika kwa Kiingereza kwanza, maswali 34, kisha nikalitafsiri. Dokta akaniambia nisilipeleke popote kabla ya kulirudisha. Njia hii ilielezwa na Richard Brislin mwaka 1970 kwa ajili ya tafiti zinazovuka lugha: mtu mmoja anatafsiri kwenda, mwingine ambaye hajaiona nakala ya kwanza anatafsiri kurudi, kisha unaweka nakala mbili ubavu kwa ubavu na kutazama zinapoachana.

Nilimwomba dada ninayeishi naye chumba kimoja, anayesomea ualimu wa lugha. Alifanya kazi hiyo usiku mmoja na asubuhi akaniwekea karatasi kitandani. Sehemu nyingi zilirudi salama. Lakini swali langu la 11, ambalo ndilo roho ya utafiti wote, lilirudi limekuwa jambo jingine kabisa. "Je, unatunza kumbukumbu za biashara yako?" lilirudi likiuliza kama mtu anahifadhi mambo anayoyakumbuka kuhusu biashara yake.

Nilimbishia kidogo. Nilimwambia kila kitabu cha ujasiriamali kinasema "kutunza kumbukumbu". Akanijibu, "Vitabu vinasema. Kwetu kumbukumbu ni ya marehemu." Nikaliacha lilivyo, kwa kuwa ndilo neno rasmi. Naandika hapa ili nisisahau kwamba nilionywa.

6 Februari

Jaribio la awali, kwenye soko dogo la mtaani ambalo si lile nitakalofanyia utafiti. Watu 10.

Mama wa tatu niliyemkuta alikuwa anamenya njegere. Shikamoo, marahaba, nikajieleza, akakubali. Nikafika swali la 11. Akacheka kwa upole, akagusa paji la uso kwa kidole kilichojaa maganda.

"Kumbukumbu ninazo, mwanangu. Nakumbuka kila kitu. Hata aliyenikopa kabichi kabla ya Krismasi namkumbuka."

Kwenye karatasi yangu jibu hilo ni "Ndiyo". Lingeingia kwenye kompyuta kama 1, sawasawa na 1 ya mtu mwenye leja. Watu 8 kati ya 10 walijibu ndiyo, na daftari nililiona kwa mmoja tu.

Nilirudi chuoni nimenyong'onyea, na nilipofika nikaanza kuandika upya. Tatizo halikuwa tafsiri peke yake. Mimi mwenyewe sikuwa nimeamua kitu ninachokiita kumbukumbu ni nini. Ni leja tu? Je, daftari la madeni? Je, mistari ya chaki kwenye ubao wa meza? Je, meseji za wakala kwenye simu, ambazo zina tarehe na kiasi kuliko daftari lolote? Dokta alikuwa amelisema jambo hili darasani mwaka jana na nikalinukuu vizuri kwenye mtihani: dhana haipimiki mpaka useme ni kitu gani kinachoonekana kwa macho. Leo nimelielewa.

Swali jipya limevunjwa vipande. Siulizi tena kama mtu anatunza. Nauliza: "Jana ulinunua mzigo wa shilingi ngapi? Umejuaje?" Kisha nasubiri nione anakwenda wapi: kwenye daftari, kwenye simu, kwenye boksi lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, au kichwani. Nikiona, naomba anionyeshe, na ninaweka alama ya kitu nilichokiona. Tafsiri yangu ya kazi sasa ni hii: kumbukumbu ni alama yoyote iliyo nje ya kichwa cha mwenyewe, ambayo anaweza kuirudia kesho.

9 Februari

Jambo jingine kutoka kwenye jaribio lile, na hili ni la hesabu. Nilikuwa na kauli sita za kipimo cha Likert, za ngazi tano, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", kupima mtazamo wa mtu kuhusu kuandika. Nilipoingiza majibu kwenye SPSS, programu ya takwimu, na kutafuta alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama kauli zote zinapima kitu kimoja, ilitoka 0.31. Kwa kawaida tunatafuta kuanzia 0.7. Nilidhani dodoso zima limekufa.

Nikakaa na kauli zenyewe. Kauli ya nne ilisema: "Kuandika mauzo ni kupoteza muda." Mwenye mtazamo mzuri atakubali zile tano na kuikataa hii, na mimi nilikuwa nimeingiza namba zake bila kuzigeuza. Ngazi ya 1 inatakiwa iwe 5, ya 2 iwe 4. Nilipogeuza, alfa ikapanda hadi 0.74. Nilimpelekea Dokta kwa furaha, naye akanikumbusha kwamba alfa ya watu 10 ni ya kujua kama nimekosea kuingiza, si ya kuandika kwenye ripoti kama uthibitisho.

Na ngazi tano zenyewe zina shida zikisomwa kwa sauti. Mtu anasikia ya kwanza na ya mwisho, za katikati zinampotea, anasema "kawaida tu". Nimeokota vizibo vitano vya soda, nikaviosha. Naviweka mezani kwa mstari: hiki cha kushoto kabisa ni kukataa kabisa, hiki cha kulia kabisa ni kukubali kabisa. Mtu anagusa kizibo. Nilijaribu kwa wauzaji wawili wa ndizi hapa nje ya geti la chuo na vidole vyao vilikwenda kwenye kizibo cha pili na cha nne, ngazi ambazo kwa mdomo hakuna aliyezitaja.

20 Februari

Sampuli. Nilikwepa Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile lililozinduliwa 2021, kwa kuwa ninataka wauzaji wa meza za kawaida ambao nimekua nao. Soko nililochagua ni dogo na halina orodha ya wauzaji inayokwenda na wakati. Bila orodha hakuna sampuli nasibu, kwa maana kila mmoja lazima awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Basi nikatengeneza orodha yangu: asubuhi mbili nimetembea soko zima na karatasi ya milimita, nikachora kila meza na kuipa namba. Zimefika 212.

Kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967 tunaijua sote: idadi ya watu wote, igawanywe kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kosa la makadirio la kipeo cha pili. Kwa kosa la asilimia 5, 212 inanipa watu 139. Kwa asilimia 10, watu 68. Nilitaka kuandika 139 kwa kuwa wanafunzi wengi wanaandika asilimia 5. Dokta akaniuliza nina siku ngapi na nani atanisaidia kuhoji. Siku 20, na niko peke yangu. Mahojiano moja linachukua karibu dakika 40, na mteja akija tunasimama. Tumekubaliana 68, na ripoti itasema wazi kwamba makadirio yangu yana kosa la asilimia 10. Heri 68 niliowasikiliza kuliko 139 niliowakimbiza.

22 Februari

Nilikuwa nimepanga kuchukua kila meza ya tatu, kwa kuwa 212 kwa 68 ni kama 3. Nikapiga kura ya kuanzia kati ya 1 na 3, ikatoka 2. Nikaanza kuweka alama kwenye ramani: 2, 5, 8, 11, 14...

Nikiwa kama meza ya hamsini nikaona alama zangu zimejipanga kama askari wa gwaride. Meza nyingi za ndani ziko kwenye mistari ya sita sita. Kuanzia 2 na kuruka kila tatu, ninaangukia meza ya pili na ya tano ya kila mstari. Ya kwanza na ya sita hazipati kamwe. Na hizo ndizo za kona, zinazotazama njia wateja wanakopita, zinazogombewa kuliko nyingine zote! Ningemaliza utafiti mzima bila kumhoji muuza wa kona kwenye mistari ile, na namba zangu zingeonekana safi kabisa.

Vitabu vinaonya juu ya mpangilio unaojirudia kwenye orodha, lakini sikutegemea kuukuta sokoni. Nimekata vikaratasi 212, nikavikunja, nikavichanganya kwenye sufuria ya chumbani kwetu, na mwenzangu akachota 68 huku amefumba macho. Nimepiga picha ya ramani mbili, ya kwanza na ya pili, na zote zitaingia kwenye kiambatisho.

5 Machi

Kibali kimepatikana. Kimechelewa kwa kosa langu: barua ya utambulisho niliichapisha kabla ya kubadilisha mada, kwa hiyo barua ilisema "athari" na pendekezo likasema "uhusiano". Ilibidi irudi chuoni isainiwe upya, kisha iende ofisi ya mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, ndipo ifike kwa mwenyekiti wa soko. Mwanafunzi mwenzangu anayesoma hapa: hakikisha kichwa kimoja kimekaa kwenye karatasi zote kabla hujatoka getini.

Ridhaa naomba kwa mdomo. Kwenye jaribio, fomu ya kusaini iliwatisha watu kuliko maswali yenyewe. Majina siandiki, naandika namba ya meza. Lakini jana usiku niliwaza kwamba namba ya meza nayo ni jina. Yeyote anayelijua soko akiona "meza 47" na ramani yangu, amemjua mtu na mtaji wake. Sasa ramani iko kwenye bahasha tofauti nyumbani kwa mama mkubwa, na kwenye kompyuta kila mtu ana namba nyingine. Ramani za kwenye kiambatisho nitazifuta namba. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, watu hawa wananieleza hela zao mbele ya majirani.

14 Machi

Siku ya nne ya kazi, mahojiano 13. Ramadhani imeanza wiki hii na nimegundua nimejiingiza kwenye mtego wa msimu. Wauzaji wa magimbi, viazi vitamu, ndizi na matikiti wanauza kuliko kawaida, mchana wa mboga za majani umepoa. Mauzo ya "jana" ninayoyauliza ni mauzo ya Ramadhani. Siwezi kusogeza mwezi, kwa hiyo naandika tarehe ya kila hojaji, na sehemu ya pili ya kazi nitaifanya baada ya Idi.

Ramadhani imenipa pia msaada ambao sikuutarajia. Nilikuwa nauliza ukuaji hivi: "Miezi kumi na miwili iliyopita mtaji wako ulikuwa kiasi gani?" Watu wanatazama juu. Sasa nauliza: "Ramadhani ya mwaka jana ulikuwa unachukua matenga mangapi? Ramadhani hii je?" Jibu linakuja papo hapo, na jirani wa meza ya pili anathibitisha.

19 Machi

Leo naandika kwa urefu kwa kuwa nimeona kitu.

Mauzo ya siku yanakuja yamekusanyika mahali pamoja: elfu kumi, elfu kumi na mbili, elfu kumi, elfu tisa. Meza yenye nyanya, vitunguu, karoti na hoho mpaka chini, elfu kumi. Meza yenye mafungu kumi na mawili ya mchicha, elfu kumi. Na karibu kila mtu ananiuliza kwanza, "Umetumwa na TRA?", yaani mamlaka ya kodi. Naonyesha kitambulisho cha chuo, wananiamini, lakini namba haibadiliki.

Usiku nilikumbuka vitambulisho vya wajasiriamali, vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Vilikuwa vya wafanyabiashara ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Nikachukua kikokotoo. Milioni 4, gawa kwa siku 312 za kazi, ni kama 12,800 kwa siku. Mtu aliyekipata kitambulisho kile anajua mpaka huo hata kama hajawahi kuufanyia hesabu, na mgeni mwenye dodoso akimuuliza mauzo, jibu linakaa chini ya mpaka. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiyo sababu. Ila nawaelewa, na sitawaita waongo kwenye ripoti yangu. Swali langu ndilo lililowaweka pabaya.

Dokta amekubali nibadilishe njia. Baada ya Idi nitachagua 12 kati yao, kwa kura tena, nikae nao wiki moja kila mmoja na daftari dogo, na tuhesabu mzigo badala ya pesa: tenga limeingia, mafungu yamepangwa mangapi, jioni yamebaki mangapi.

17 Aprili

Wiki ya kwanza ya madaftari. Nimekaa leo kutwa nzima na mama mmoja muuza nyanya, tangu mkokoteni ulipoingia.

Tenga la nyanya za Mlali kalinunua 40,000. Mkokoteni 2,000, ushuru 500, mifuko 1,000. Jumla 43,500. Akalimwaga tenga taratibu juu ya gunia, akaanza kuchambua: zilizoiva sana upande huu zitoke leo, ngumu zikae, zilizopasuka kwenye sado pembeni kwa ajili ya mama lishe. Kisha mafungu. Nyanya nne kubwa chini, tatu juu, moja ya kilele. Kila fungu analizungusha kidogo upande mzuri utazame njia. Yamefika 58, kila moja 1,000.

Hadi jioni ameuza 49 kwa bei kamili. Matano ya mwisho ameyatoa kwa 500. Mawili yamekopwa na jirani. Mawili yamekwenda nyumbani. Mkononi zimeingia 51,500.

Nikamuuliza, "Mama, leo umepata faida kiasi gani?"

"Elfu moja."

Nilihesabu mara mbili. Kwa hesabu ya darasani, 51,500 toa 43,500 ni 8,000. Nikiweka deni la jirani na mboga za nyumbani, ni 12,000. Nikamwomba anioneshe elfu moja imetokaje. Akanieleza bila kusita: katika ile elfu nane, elfu tano imekwenda kwenye mchezo, wako kumi wanapeana kila siku, elfu mbili amempa mtoto ya shule, iliyobaki ndiyo faida. Hajadanganya wala hajakosea. Kwake faida ni ile ambayo haina kazi bado.

Kwenye dodoso langu swali la 19 linasema "faida ya siku", na nina majibu 61 ya swali hilo. Sijui kila mmoja alihesabu kwa njia ipi kati ya hizi tatu. Swali la 19 nalitoa kwenye uchambuzi. Limeniuma, maana nililihangaikia.

29 Aprili

Idadi kamili, niiandike isipotee: kati ya 68 waliochaguliwa, 4 walikataa na meza 3 nilizikuta tupu kila nilipokwenda. Sikumchukua jirani kujaza nafasi, kwa kuwa aliyepo kila siku ana tabia tofauti na asiyeonekana, na ningekuwa nachagua waliopo tu. Waliojibu ni 61.

8 Mei

Wenye daftari la mauzo ya kila siku ni 8 kati ya 61. Kwa kipimo cha daftari hilo peke yake, ningeandika kwamba wanane tu wanatunza kumbukumbu na waliobaki hawana habari. Kwa tafsiri ya alama iliyo nje ya kichwa, wako 44: wengi daftari la madeni, halafu meseji za simu, halafu chaki na maboksi. Soko ni lile lile. Tofauti ni swali.

Nilitaka kutumia kai-skwea, kipimo kinacholinganisha idadi niliyoipata na idadi tarajiwa kama vitu viwili havihusiani, kupima uhusiano wa daftari la mauzo na kuongezeka kwa matenga. Walioongeza ni 22. Idadi tarajiwa kwenye chumba cha jedwali cha wenye daftari walioongeza ni 8 mara 22 gawa kwa 61, yaani 2.9, chini ya 5, na kwenye jedwali la vyumba vinne chumba kimoja tu ni asilimia 25 tayari, wakati vyumba vya chini ya 5 havitakiwi kuzidi asilimia 20. Kipimo hicho hakifai hapo. Nimehamia kwenye kipimo cha Fisher, ambacho kinavumilia idadi ndogo. Kwa tafsiri pana ya watu 44, kai-skwea inakubalika. Nitaripoti zote mbili na kueleza sababu ya kila moja.

15 Mei

Meza ya 131. Wiki yake ya daftari iliisha mwezi uliopita lakini leo ndipo nimeikalia sawasawa, na inanirudisha kwenye lile swali la Novemba.

Siku ya tatu mama huyu aliniomba tuandike na nyongeza, zile nyanya anazotupia mteja juu ya fungu. Tukaandika. Jioni zikatoka 31, karibu mafungu manne. Alinyamaza kidogo akitazama ukurasa. Siku ya nne akapunguza, siku ya tano hakutoa kabisa, na hesabu yake ikapanda. Siku ya sita wateja wake wawili wa kila siku, mmoja mama lishe, walisimama meza ya jirani. Siku ya saba akarudisha nyongeza, lakini kwa hao wawili tu.

"Yule ananunua mafungu manne kila asubuhi kwa ajili ya ile nyanya moja," aliniambia. "Sikuwa najua inanigharimu kiasi gani. Sasa najua, na bado nitampa."

Kwa upande mmoja hili ni kosa la kipimo: chombo changu kimebadilisha kile nilichokuja kukipima, na siku ya nne hadi ya saba za meza hiyo haziwakilishi maisha yake ya kawaida. Lazima niliseme. Kwa upande mwingine, ndani ya wiki moja nimeona daftari likibadilisha uamuzi, mara mbili, na mara zote mbili hazikuelekea upande ule ule. Ni meza moja, na mimi nilikuwa nimekaa pale. Siwezi kuligeuza kuwa "athari".

Nilimpelekea Dokta nikifikiri atasema nilifute. Alisoma kurasa zote saba za daftari lenyewe, pamoja na michoro ya mistari midogo aliyoichora mama. Akasema liingie sura ya nne, chini ya kichwa chake, na lisifichwe kwenye mapungufu ya utafiti.

17 Mei

Sura ya nne imefika kurasa 19. Madaftari 11 yamerudi, nimeshayapiga picha na nitawarudishia wenyewe, maana ni yao. La kumi na mbili liko kwa muuza magimbi ambaye amesafiri kwenda Mgeta kwenye msiba wa dada yake. Nimempigia simu ya pole. Amesema anashuka Jumatatu, na daftari lipo kwenye kapu chini ya meza.